Villa Lante ya Bagnaia: jumba liko wapi, na maji yanarukaje bila pampu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Viterbo huku Italia, natunza mzee. Jumapili iliyopita mtoto wake alitupeleka Bagnaia kuona Villa Lante, njia nzima anaisifia tu. Sasa mi nilitegemea kukuta jumba. Nikakuta vijumba viwili vimefanana kama mapacha, halafu bustani inapanda mlima, maji kila sehemu. Naomba kuuliza, jumba lenyewe liko wapi? Hayo maji yalikuwa yanarukaje miaka ya 1500 wakati umeme hakuna wala pampu? Na wale watu wanne katikati ya bwawa wanaoitwa Mori, ni Waafrika wenzetu au?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera, kwasababu umefika sehemu ambayo watu tunaosomea bustani tunaiota miaka na miaka kabla hatujaiona. Mimi mara ya kwanza niliingia kama ulivyoingia wewe, getini chini, nikazunguka bwawa, nikapiga picha, nikapanda mdogo mdogo mpaka juu nikiwa nimechoka, nikashuka nikaondoka. Picha ninazo nzuri tu ila kitu chenyewe sikukielewa, maana niliisoma kinyume. Ile bustani inaanzia juu. Maji ndo yanaanza safari kule juu yanashuka, na kila kilichojengwa pale, ngazi, sanamu, hata hivyo vijumba viwili, kimewekwa kwa kufuata njia ya maji. Ukilishika hilo maswali yako yote matatu yanafunguka.

Tuanze na jumba. Siku hizi ukiona tangazo la villa unajua ni nyumba, tena nyumba ya gharama yenye swimming pool. Kwa Waitaliano wa zamani villa ilikuwa eneo zima la shamba, yaani nyumba, bustani, msitu, maji, vyote kwa pamoja. Na Bagnaia yalikuwa makazi ya kiangazi ya maaskofu wa Viterbo. Askofu mji wake ni Viterbo, kazi zake ziko kule, ofisi iko kule, hapa alikuwa anapanda joto likizidi, apumzike, awinde, ale na wageni. Kabla ya bustani yenyewe palikuwa na msitu uliozungushiwa ukuta kwa ajili ya kuwinda, na sehemu ya huo msitu bado ipo pale pembeni, sijui kama mlipita, watu wengi huwa wanauruka. Kwahiyo mtu aliyejenga pale hakuwa anatafuta sehemu ya kuweka familia na wafanyakazi na mafaili. Alitaka sehemu ya kukaa nje. Nyumba ilikuwa ya kulala, na ya kujikinga na mvua.

Aliyeanzisha ni Kardinali Gianfrancesco Gambara, alipata uaskofu wa Viterbo mwaka 1566 na muda mfupi baada ya hapo ujenzi ukaanza. Michoro inahesabiwa kuwa ya Jacopo Barozzi da Vignola, msanifu ambaye kwa wakati huo alikuwa na kazi kubwa sana hapo jirani Caprarola, lile jumba la pembe tano la Kardinali Alessandro Farnese. Nasema inahesabiwa kwasababu hakuna mchoro wenye sahihi yake, ila ukiangalia mkono ni wake, yule mtu alikuwa na nidhamu ya mistari mpaka unaogopa. Na fundi wa maji alikuwa Tommaso Ghinucci wa Siena, huyu nitamrudia maana kwa maoni yangu ndo anastahili sifa ambazo hapewi.

Sasa angalia walichofanya. Sehemu nyingine zote tajiri akipata mlima mzuri anaweka jumba katikati, kila kitu kinamsujudia. Nenda Villa d'Este pale Tivoli, mji ulio karibu na Roma, Kardinali Ippolito d'Este jumba lake limekaa juu kabisa linaitazama bustani yote kama mwenye mali anavyotazama ng'ombe wake. Bagnaia wamechukua hiyo nyumba moja wakaipasua mara mbili, nusu wakaweka kulia nusu kushoto, katikati wakaacha wazi. Katikati pale ambapo kwa kawaida ungekuta mlango mkubwa na sebule, pamebaki njia ya maji. Nyumba zimesogea pembeni kama watu wanaompisha mgeni wa heshima apite. Mi sijui bustani nyingine ya zama zile iliyothubutu hivyo, na mtu akiniuliza kwanini naipenda hii kuliko Tivoli na mbwembwe zake zote, ni hapo tu.

Vile vijumba wanaviita palazzina. Kila kimoja ni mraba, chini kina baraza la matao matatu, paa la pembe nne linachongoka na juu yake kakibanda kadogo ka kuchungulia mandhari. Hakuna mapambo mengi nje, na ndivyo inavyotakiwa, ukiweka nyumba yenye makelele karibu na maji vitu vinagombana. Cha kushangaza ni kwamba havikujengwa siku moja. Cha Gambara kilikuwa kimeisha kwenye miaka ya 1570, Gambara akafariki 1587 kikiwa peke yake. Na kwakuwa villa ilikuwa mali ya Kanisa haikwenda kwa ndugu zake, ilikwenda kwa kardinali mwingine, na 1590 ikaangukia mikononi mwa Alessandro Peretti di Montalto, mjukuu wa dada yake Papa Sixtus V, kijana ambaye alipewa ukardinali 1585 akiwa na miaka 14. Umri wa form two huo. Unategemea kijana wa namna hiyo akipewa mali abomoe aanze upya ajitangaze, lakini akajenga pacha wa pili vile vile kwa nje kama ule wa kwanza ulivyo, tofauti ziko kwenye michoro ya ukutani kule ndani. Jina la Lante limekuja baadaye kabisa, familia ya Lante ilipewa mwaka 1656 ikakaa nayo karne tatu karibu. Waliotoa pesa hawakubaki kwenye jina.

Haya, maji.

Hapa naomba uache kuwaza umeme, waza tangi la nyumbani. Kwetu mtu akijenga anapandisha tangi juu ya mnara, si ndio? Hapandishi kwa urembo, anapandisha ili bafuni presha iwepo. Tangi likikaa chini maji yanatiririka kinyonge. Kila mita 10 unazoinua tangi unapata kama bar 1 ya presha, na hiyo bure, hulipii umeme, mvutano wa dunia ndo unafanya kazi. Sasa chukua mlima mzima uwe ndo mnara wako. Maji yanatoka kwenye milima ya Cimini nyuma ya Bagnaia, yanafika juu ya bustani yenyewe, na kuanzia hapo fundi anacheza na kimo tu. Maji yaliyofungwa ndani ya bomba yanakumbuka yalikotoka, bomba likifunguka chini yatajaribu kurudi kimo kile kile. Hayafiki kabisa, kwasababu yanasuguana na kuta za bomba na kona zinakula nguvu na hewa nayo inayapinga, lakini yanaruka. Ukibana mdomo wa bomba yanatoka kwa kasi zaidi, jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kumwagilia kwa mpira na kuziba na dole gumba anajua.

Kuna kitu kingine lazima ukijue maana ndo siri ya mpangilio wote wa Villa Lante. Maji yakishamwagika kwenye beseni la wazi, presha yote yaliyokuja nayo imekufa pale pale, yanaanza kuhesabu upya kutoka kwenye beseni hilo. Kwahiyo juu kabisa mlimani huwezi kupata maji ya kuruka sana, kimo huna. Yanaweza kudondoka na kutiririka, basi. Kadri unavyoshuka ndo unakusanya kimo na ndo unaweza kurusha. Fundi asiyejua angelazimisha bomba la kuruka juu ili wageni washangae, likatoka kanyonge ka sentimita kadhaa, aibu. Ghinucci, ambaye alishafanya pia zile kazi za Tivoli, aliufuata mlima unavyotaka.

Tushuke pamoja. Juu kabisa kuna Chemchemi ya Gharika, pango la mawe mabichi yasiyochongwa, ukungu na mimea imening'inia, maji yanadondoka kama mwamba unavuja jasho. Pembeni vibanda viwili vya matao, nyumba za wale miungu wa kike wa sanaa wa Wayunani. Pale ungesimama ukafikiri hakuna binadamu aliyegusa. Wasomi wengi wanaisoma kama simulizi ya mshairi Ovid wa Roma ya kale, kwamba mwanzoni watu waliishi vizuri msituni wakila matunda ya mwaloni bila kulima, halafu ikaja gharika, halafu binadamu akaanza kujenga ustaarabu wake. Mimi simulizi naipokea, na nadhani Gambara na wageni wake walioisoma shuleni waliifurahia sana mezani, ila hata usipomjua Ovid miguu yako inakuambia, kadri unavyoshuka mawe yanazidi kunyooka na maji yanazidi kutii.

Chini kidogo kuna Chemchemi ya Pomboo yenye pembe nane, halafu ndo unafika kwenye ile ninayoipenda kuliko zote, mtaro mrefu wa mawe unaoshuka kwenye mteremko. Waitaliano wanauita mnyororo wa maji. Kingo zake zimechongwa mikunjo mikunjo inayojirudia, na mwishoni kabisa yanatokea makucha. Ni mnyama, ni gambero, yaani kamba wa maji baridi, na jina la kardinali ni Gambara. Alijichora pale bila kuandika jina. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo Waitaliano wenyewe hawana, maana kwetu kamba ni mnyama na kamba ni ya kufungia, kwahiyo sisi tukisema kamba ya maji tumesema vyote viwili kwa neno moja. Na ile mikunjo ina kazi, usidhani ni urembo mtupu. Maji yakishuka kwenye mtaro laini yanapita haraka, kimya, hayaonekani hata kama yapo. Ukiyawekea vikwazo yanagonga yanageuka yanapinda yanapiga kelele yanameremeta, kiasi kidogo tu cha maji kinaonekana kingi. Fundi wa maji akishaelewa hilo hahitaji mto mzima. Tivoli walichimba handaki chini ya mji wakavuta mto Aniene wenyewe, hapa wameishi na maji kidogo wakayatumia kwa akili.

Makucha ya kamba yanamwagia kwenye Chemchemi ya Majitu, wale wazee wawili wakubwa waliolala ndo mito, mmoja Tevere wa Roma mwingine Arno wa Firenze. Halafu mbele yake kuna meza. Natumaini uliiona, meza ndefu ya jiwe na katikati yake mtaro wa maji unapita. Hiyo ndo meza ya kula ya kardinali. Chupa za divai zinawekwa mle zinapoa, na vyombo vyepesi vinaweza kuelea. Wazo ni la zamani, Plinio Mdogo wa Roma ya kale aliandika kwenye barua zake kuhusu bustani yake ambako sahani nyepesi zilielea kwenye maji mbele ya wageni, na makardinali hawa walikuwa wanasoma barua hizo kama sisi tunavyosoma magazeti. Fikiria Julai huko Lazio unavyoijua sasa, joto la kukata pumzi, unakaa chini ya miti, maji ya mlimani yanapita mbele ya mikono yako wakati unakula. Ndo maana nakwambia sebule ya hiyo nyumba iko nje. Ulipokuwa unatafuta jumba ulishapita kwenye chumba cha kulia.

Baada ya meza kuna Chemchemi ya Vibatari, ngazi za duara zenye vimabomba vidogo vidogo vingi, kila kimoja kinarusha kajimshipa kembamba kutoka kwenye jiwe lililochongwa kama kibatari cha mafuta, jua likipiga unaona kama ndimi za moto. Angalia hapo tayari maji yameanza kuruka, kidogo lakini kwa idadi, kwasababu sasa kimo kimeanza kupatikana. Na chini kabisa kwenye uwanja wa mraba, ambapo umeshuka mlima wote na presha yote unayo, ndo maji yanaruka juu kutoka kwenye nyota ya jiwe wanayoinua wale watu wanne uliowauliza. Mabomba ya kazi hiyo lazima yatoke juu yakiwa yamefungwa, yapite ardhini bila kufunguka kwenye mabeseni ya katikati. Huyaoni, na kutoyaona ndo ufundi. Nusu ya usanifu wa Villa Lante uko chini ya miguu yako, na wanaoitunza wanateseka nao, maana mabomba membamba yanaziba, mizizi nayo inatafuta maji kwenye kila ufa.

Kulikuwa pia na vimabomba vya siri, hiyo ilikuwa desturi ya bustani nyingi za Italia, mgeni amesimama na nguo zake za heshima anasikiliza maelezo, mtumishi anafungua koki sehemu iliyojificha, mgeni analowa. Walicheka sana nadhani.

Sasa wale wanne. Hapo naomba nikujibu kwa makini maana najua kwanini umeuliza. Mori ni jina ambalo watu wa Ulaya walilitumia kwa watu wa Afrika Kaskazini na kwa watu weusi kwa ujumla. Lakini hizi sanamu ni vijana wanne waliochongwa kwa mtindo ule ule wa kizamani wa Kiyunani na Kirumi, nyuso na nywele zao ziangalie utakaporudi. Jina limetokana na jiwe. Pale wamechonga kwa peperino, jiwe la volkano la eneo hilo hilo, kijivu iliyokoza, na likilowa muda wote linakuwa jeusi. Watu wakawaona weusi wakawaita Mori, jina likakaa. Kwahiyo sio ndugu zetu, na wala haikuwa kumbukumbu ya watumwa. Walichoshika juu mikononi ndo ujumbe wenyewe, ni vilima na nyota, nembo ya Montalto, yule kardinali kijana, na Montalto maana yake ni mlima mrefu. Kwahiyo Gambara juu kajichora kamba, huyu chini kajinyanyulia mlima. Na hawakuwepo tangu mwanzo. Msafiri wa Kifaransa Michel de Montaigne alipita Bagnaia mwaka 1581, akaandika kwamba katikati palikuwa na piramidi ndefu inayotoa maji, na kwenye yale mabwawa manne kuna mashua za mawe zenye watu wa bunduki wanaoipiga piramidi kwa maji. Mashua bado zipo, umeziona bila shaka. Piramidi ndo Montalto aliitoa akaweka vijana wake.

Na ile mimea ya bosso, yaani vichaka vya majani madogo vya uzio, iliyokatwa mikunjo mikunjo kama kitambaa cha kudarizi kuzunguka bwawa, ile nayo imekuja baadaye. Mchoro wa Tarquinio Ligustri wa mwaka 1596 unaonyesha viwanja vya mraba vya kawaida tu vyenye mimea, mikunjo ni fasheni ya karne zilizofuata. Mimi binafsi ningependa kuona ile ya zamani, lakini bustani ni kitu kinachokua, huwezi kukigandisha. Mwaka 1944 vita ilipopita huko villa iliumia vibaya kwa mabomu, na unachokiona leo kimetokana na watu walioamua kuinua jiwe moja moja.

Sasa Jumapili ukipata nafasi rudi. Ingia, usisimame kwenye bwawa hata kama linakuita, pita pembeni upande moja kwa moja mpaka kwenye pango la Gharika. Upe mgongo pango, sikiliza kwanza, halafu anza kushuka na maji. Kwenye mnyororo tembea taratibu ukiusikiliza, sauti inabadilika kadri unavyokwenda. Kama uko na mzee mkalishe kivulini karibu na meza, hapo ndo pana ubaridi, shuka wewe umalizie umrudie.

Ukifika kwenye palazzina ya Gambara, ambayo ndo ile ya kwanza, omba waangalizi wakuonyeshe baraza la chini. Ukutani wamechora villa za wakati ule, Caprarola ipo, Tivoli ipo, na Bagnaia yenyewe ipo. Iangalie hiyo ya Bagnaia kwa makini uhesabu nyumba. Imechorwa kwenye miaka ya 1570, Gambara yuko hai, nyumba iliyosimama ni moja tu. Kwenye mchoro ziko mbili.